Maumivu Yakiisha, Kazi Bado: Mhadhara Kuhusu Kusafisha na Kuziba Mizizi ya Meno

Mizizi ya meno ni jambo ambalo wengi wetu hatulikumbuki mpaka ule usiku ambao usingizi umekataa.

Lengo langu ni moja. Nataka tuelewane kwa nini daktari wa meno hutumia saa nzima, pengine na siku ya pili au ya tatu, kusafisha mfereji mwembamba kuliko uzi, kisha akauziba. Na nataka tuelewane pia kwamba maumivu, hayo hayo yanayotuleta hospitali, hayafai kuwa shahidi wa kama jino limepona.

Niruhusuni nianze na mgonjwa wangu mmoja, mama anayeuza vitumbua, mwenye umri wa miaka hamsini hivi. Alikaa kwenye kiti, akajifunga vizuri kitenge chake, akasema: "Mwanangu, jino lenyewe haliniumi. Liliniumiza sana kabla ya mfungo, nikahangaika nalo wiki nzima, kisha likanyamaza lenyewe. Nimekuja kwa ajili ya hiki kipele tu." Akavuta mdomo kwa kidole. Pembeni mwa gego la chini, upande wa kushoto, palikuwa na kipele chekundu kisichozidi punje ya mtama. Nilipokibonyeza taratibu, likachomoza tone la usaha. Nikachukua pamba niliyoitia ubaridi, nikaigusisha kwenye jino la jirani, akashtuka. Nikaigusisha kwenye gego lile, hakusikia kitu. Picha ya eksirei ikaonyesha kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi, mahali ambapo mfupa wa taya ulikuwa umekwisha kuliwa. Jino alilodhani limepona lilikuwa limekufa.

Mama huyu nitarudi kwake baadaye.

Hoja ya kwanza: jino likinyamaza halijapona

Jino si jiwe. Chini ya enameli, lile gamba gumu jeupe, kuna dentini, na katikati ya dentini kuna chumba chenye nyama laini, damu na mishipa ya fahamu. Nyama hiyo ndiyo kiini cha jino. Kiini hushuka ndani ya kila mzizi kupitia mfereji, na mfereji hutokea nje kwenye ncha ya mzizi kwa tundu lisilofika milimita moja. Karibu damu yote inayoingia na kutoka hupita hapo.

Mkono ukiumia huvimba, na una nafasi ya kuvimba. Kiini kimezungukwa na kuta ngumu pande zote. Bakteria wakiingia kupitia tundu la jino lililooza, kiini hutaka kuvimba na hakina pa kuvimbia, basi mgandamizo hupanda. Ndiyo maana jino hupiga kama ngoma, na hupiga zaidi ukilala, kwa sababu kichwa kikishuka damu huzidi kujaa. Mwisho damu safi hushindwa kuingia, kiini hufa, na mshipa uliokufa hausikii. Mtu hulala usingizi mzuri, asubuhi anamshukuru Mungu. Kuanzia usiku huo bakteria wamepata nyumba ambayo askari wa damu hawawezi kuifikia.

Kwamba bakteria ndio mzizi wa balaa lote hili, tulithibitishiwa mwaka 1965. Watafiti watatu wa Marekani, Kakehashi, Stanley na Fitzgerald, walitoboa magego ya panya mpaka kwenye kiini, wakayaacha wazi, chakula kikaingia. Kundi moja lilikuwa panya wa kawaida. Kundi la pili lilikuwa panya waliolelewa ndani ya vyumba visivyo na kimelea chochote. Kwa panya wa kawaida viini vilioza na majipu yakatokea. Kwa wale wasio na vimelea, pamoja na mabaki ya chakula kujaa ndani ya tundu, kiini kiliendelea kuishi, kikaanza hata kujijengea daraja jipya la dentini. Tundu lilikuwa lile lile na chakula kile kile. Kilichotofautiana ni bakteria.

Hapa nataka kusema na wale wanaopitia duka la dawa kabla ya kuja kwetu. Amoksilini husafiri ndani ya damu. Jino lililokufa halina damu ndani yake, kwa hiyo dawa haifiki pale bakteria walipojificha. Inapunguza wale waliotoka nje ya mzizi, uvimbe unashuka, mtu anaona amepona. Baada ya wiki kadhaa mambo yanarudi. Dawa hizo zina mahali pake: uvimbe ukienea shingoni, homa ikipanda, mdomo ukakataa kufunguka. Na uvimbe ukishuka chini ya kidevu, ulimi ukainuka, mtu akashindwa kumeza mate, wapendwa, hiyo ni dharura ya kukimbizwa hospitali usiku huo huo, maana njia ya hewa inaweza kuziba. Daktari Mjerumani Ludwig aliueleza ugonjwa huo mwaka 1836, na bado unaua. Mara nyingi sana huanzia kwenye gego la chini lililooza.

Hoja ya pili: kazi kubwa ni kusafisha

Wagonjwa wengi huita matibabu haya "kuua mshipa". Jina hilo linatupotosha, kwa sababu mara nyingi mshipa umeshakufa kabla hatujaugusa. Kazi yetu ni kuwatoa bakteria na mabaki waliyojificha ndani yake. Hapa naomba mnivumilie, nitakaa kidogo.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mtaalamu wa Zürich aitwaye Walter Hess alifanya kazi ya subira kubwa. Alichukua meno yaliyong'olewa, zaidi ya 2,000, akajaza mpira ndani ya mifereji yake, akaugandisha, kisha akayeyusha jino lote kwa asidi. Kilichobaki ni mpira wenye umbo la mifereji. Watu walitarajia vijiti vinyoofu. Waliona kitu mfano wa mizizi ya mkoko: matawi ya pembeni, njia zinazogawanyika na kukutana tena, vyumba bapa, vijia vinavyounganisha mfereji na mfereji. Miongo mingi baadaye, mjini humo humo, mwaka 2001, watafiti walipiga picha za kompyuta ndani ya magego kabla na baada ya kusafishwa kwa vifaa vya chuma. Waliona kwamba theluthi moja ya kuta, au zaidi, haikuguswa kabisa na chuma.

Basi kazi hufanywaje? Kwanza ganzi. Kisha tunalivika jino kipande chembamba cha mpira chenye tundu, kinachoshikwa na kibanio, jino likatokeza peke yake. Daktari wa New York, Sanford Barnum, alilianza jambo hili mwaka 1864. Mpira huo huzuia mate, na mate yamejaa bakteria. Huzuia pia kifaa kidogo kisiteleze kikamezwa au kikaingia kwenye mapafu. Nawaambia wanafunzi wangu kila mwaka, na narudia mbele yenu wote ili mkikaa kwenye kiti muweze kuuliza: anayesafisha mfereji huku mate yakiingia anatoa bakteria kwa mkono mmoja na kuwarudisha kwa mkono mwingine.

Baada ya hapo tunafungua chumba cha kiini, tunatafuta midomo ya mifereji, tunaingiza vitupa. Ni tupa ndogo za chuma zenye vishikio vya rangi. Cha zambarau, namba 10, ncha yake ina upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Unakishika kwa ncha za vidole viwili, unakizungusha robo mzunguko kwenda na kurudi, unasikiliza kwa vidole kama kinapita au kimegoma. Kwa kipimo cha umeme na picha ya eksirei unajua ncha ya mzizi iko wapi, na unasimama nusu milimita mpaka milimita moja kabla yake. Kisha unapanua kidogo kidogo, si kwa sababu chuma kitamaliza kazi, bali kwa sababu maji ya kuoshea yanahitaji njia ya kufika chini.

Maji hayo ndiyo siri ya matibabu. Ni sodiamu hipokloraiti, ndugu wa jiki tunayofulia nguo nyeupe. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1915, mkemia Mwingereza Henry Dakin na daktari Mfaransa Alexis Carrel waliosha kwa maji hayo vidonda vya askari vilivyooza huko Ufaransa, kwa nguvu ya asilimia 0.5. Madaktari wa meno waliyapokea, na leo tunayatumia kuanzia nguvu hiyo mpaka asilimia 5.25. Yanaua bakteria, na yana sifa moja adimu: yanayeyusha nyama iliyokufa. Pale chuma kisipofika, maji yanafika. Baada ya hapo tunapitisha maji ya EDTA, yanayoondoa tope la ungaunga wa dentini ambalo vitupa vyenyewe vimelipaka ukutani. Tope hilo hufunika vitundu vya dentini ambavyo upana wake ni kama sehemu moja au mbili kati ya elfu za milimita, nafasi inayomtosha bakteria kuingia na kukaa.

Tafadhali, mtu asiende nyumbani akasukutua jiki. Hata sisi huyasukuma maji haya polepole, kwa sindano yenye tundu la ubavuni, isiyobanwa ndani ya mfereji. Yakipita ncha ya mzizi uso huvimba papo hapo na maumivu yake ni makali.

Nitawaambia kosa langu. Katika miaka yangu ya mwanzo kazini nilimtibu mwalimu wa shule ya msingi, gego la kwanza la juu. Nikapata mifereji mitatu, nikasafisha, nikaziba, picha ikatoka nzuri, nikafurahi. Baada ya miezi kumi akarudi, shavu limejaa. Nilijua kwenye vitabu kwamba zaidi ya nusu ya magego hayo yana mfereji wa nne, umejificha kwenye mzizi ule ule wa mbele upande wa shavu. Nilitazama haraka, sikuuona, nikaamini haupo. Siku ya pili hiyo nilivaa miwani ya kukuza, nikakwangua kwa subira kijiukingo cha dentini kati ya midomo miwili, ncha ya kitupa ikazama. Kikatoka kimaji cha rangi ya chai, chenye harufu. Alikuwa amebeba ule uozo miezi kumi, na wakati wote huo mimi nilikuwa nimeandika kwenye kadi yake kwamba amepona. Toka siku ile, gego la juu kwangu lina mifereji minne mpaka lenyewe linithibitishie vinginevyo.

Hoja ya tatu: kuziba ni kufunga mlango, chini na juu

Nyumba ikishafagiliwa, ikiachwa wazi itajaa tena. Tunaziba kwa kitu kiitwacho gutapacha, utomvu wa miti ya Malaya. Daktari William Montgomerie aliupeleka utomvu huo London mwaka 1843, na wahandisi wakagundua kwamba hauliwi na maji ya chumvi. Wakauvisha nyaya za simu za chini ya bahari. Wazee wa visiwani, ule waya uliofika Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879 ulivikwa utomvu huu huu. Mwaka 1867 daktari wa meno wa St. Louis, Marekani, jina lake Bowman, alikwisha kuutia ndani ya mizizi ya meno. Mpaka leo hatujapata kitu kilichouondoa kabisa. Hauyeyuki kwa majimaji ya mwili, haukeri nyama, unalainika kwa moto, na siku ukihitajika kutolewa unatoka.

Vijiti tunavyotumia si utomvu mtupu. Huo ni kama sehemu moja ya tano tu. Sehemu kubwa ni oksidi ya zinki, na huongezwa chumvi nzito za metali ili kijiti kionekane kwenye eksirei. Kwa kuwa gutapacha haishikani na dentini, tunaipaka saruji laini ya kujaza mianya, kisha tunaibana au kuilainisha kwa joto ifuate umbo la mfereji. Lengo ni kwamba chochote kidogo kilichobaki ndani kikose maji, kikose chakula, kikose njia.

Sasa mlango wa juu. Mwaka 1995 watafiti Ray na Trope walichunguza picha za meno 1,010 yaliyozibwa mizizi. Mtu angetarajia kwamba uzuri wa kizibo cha mzizi ndio ungeamua nani kapona. Walichokuta ni kwamba kizibo cha juu, kile mtu anachokiona kwenye kioo, kilikuwa na uzito hata zaidi. Tafiti zilizofuata zinasema vyote viwili vina uzito, nami nakubaliana nazo. Ila zote zinakataa ile desturi ya kumaliza mzizi kwa uangalifu halafu juu tukabandika chochote. Gego hasa linahitaji kofia au kizibo kinachokumbatia ncha zake, kwa sababu limeshapoteza ukuta mwingi kwa kuoza na kwa kufunguliwa. Siku moja mtu hutafuna bisi, jino linapasuka wima mpaka kwenye mzizi. Hapo hakuna tena la kufanya.

Hoja ya nne: siku ya pili

Hii ndiyo hoja iliyonifanya nikubali mwaliko wenu.

Jino lenye usaha mara nyingi halimalizwi siku moja. Baada ya kusafisha tunaweka dawa ndani, na dawa yenyewe ni ya kwenu: hidroksidi ya kalsiamu, ile chokaa iliyozimwa. Ndiyo, mama, ile ile ya tambuu, ila hii imesafishwa kwa kazi ya tiba. Ukali wake bakteria wengi hawauvumilii. Mjerumani Hermann aliileta kwenye meno mwaka 1920. Juu yake tunaweka kizibo cha muda, laini kama udongo, kinachostahimili wiki chache tu. Kisha tunaandika tarehe kwenye kadi.

Na mgonjwa harudi.

Simlaumu. Maumivu yameisha tangu jioni ile. Nauli ya kurudi ni pesa ya unga. Mkuu wa kazi ameshampa ruhusa mara moja. Na hakuna aliyemweleza kwamba kutoumwa huko kunatokana na kazi iliyofika nusu. Baada ya miezi minne kizibo cha muda kimemomonyoka, mate yameingia, bakteria wamerudi, na sasa wale wanaovumilia chokaa ndio waliobaki. Jino ambalo siku ile lingeokolewa kwa saa moja zaidi linakuja kung'olewa, na mgonjwa anawaambia majirani kwamba kuziba mzizi hakufai.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu wa kazi: maneno ya kumwambia mgonjwa yawe sehemu ya matibabu. Tumwambie kabla ya sindano ya ganzi itakuwa siku ngapi na jumla ni shilingi ngapi, pamoja na kofia. Tukiweza kumaliza siku moja kwa usalama, tumalize. Tafiti hazijaonyesha kwamba mgonjwa hupungukiwa, na kwa mtu aliyetoka mbali ni heri. Nanyi walimu na ndugu wa wagonjwa, mtu wenu akirudi nyumbani anatabasamu, muulizeni kadi yake inasema tarehe gani.

Hoja ya tano: pale kung'oa kulipo haki

Hili ni fupi. Si kila jino la kuokolewa. Likipasuka wima, au likiwa limeoza mpaka chini ya ufizi hata hakuna ukuta wa kushika kofia, kung'oa ni tiba ya heshima. Ninachokipinga ni kung'oa kwa sababu hakuna aliyetaja njia nyingine. Na zile jumbe za kwenye simu kwamba jino lililozibwa mzizi huleta saratani, msiziogope, hazina ushahidi. Woga wa namna hiyo ulianza zamani, daktari Mwingereza William Hunter alipohutubia Montreal mwaka 1910 kuhusu uozo wa kinywa, na kwa miaka mingi baada yake watu waling'olewa meno mazima kwa magonjwa ambayo meno hayakuyasababisha.

Ndugu zangu, tunaelekea wapi? Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, ilianzishwa njia ya kukwangua sehemu laini iliyooza kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine wala umeme, na kuziba kwa saruji inayoshikana na jino. Njia hiyo imesambaa duniani, na kila jino linalozibwa hivyo mapema darasani au zahanati ni mzizi ambao hatutalazimika kuufungua. Upande mwingine, tangu miaka ya 1990 tunazo saruji za tiba, zenye undugu wa karibu na saruji ya Portland ya kujengea, ambazo zikiwekwa juu ya kiini kilichoguswa huweza kukifanya kiendelee kuishi. Meno ambayo mimi nilifundishwa kutoa kiini chote, wanafunzi waliosimama pale nyuma watatoa kipande tu cha juu, na kilichobaki kitaendelea na kazi yake. Nawaomba wakuu wa halmashauri waliopo hapa, mkipanga bajeti ya kiti cha meno, muandike pia mashine ya eksirei na maboksi ya ule mpira wa kuvika jino. Bila hivyo kiti hicho kitakuwa cha kung'olea.

Na mama wa vitumbua? Alirudi siku ya pili, akarudi na ya tatu kwa ajili ya kofia. Kipele kilikauka ndani ya wiki mbili. Mfupa hauna haraka hivyo. Tunaupa mwaka mzima kabla ya kupiga picha ya kulinganisha, na ikibidi tunafuatilia mpaka miaka minne. Miadi yake ni mwezi ujao. Nitaziweka picha mbili kwenye taa, ya mwaka jana na ya siku hiyo, tutazame pamoja kama kile kivuli kimejaa.